Vyama vya kufaana Pwani: Ngao ya wanyonge yafaa ilindwe

Mazishi hayangoji mshahara. Ndiyo sababu Mnarani, ng'ambo ya kusini ya mji wa Kilifi, kama ilivyo kwingineko Pwani, habari ya msiba humfikia mweka hazina wa chama karibu sawia na jamaa wa marehemu.

Gharama hizo si jambo dogo. Katika kitabu chake cha 1972, mwanaanthropolojia David Parkin alieleza jinsi familia za Wagiriama huko Kaloleni zilivyolazimika kuuza minazi na mashamba ili kugharimia hanga, yaani matanga, pamoja na mahari. Aliyekosa wa kumfaa alizika mzazi leo, na kesho akawa mpangaji katika ardhi ya babu yake.

Ni pengo hilo ambalo vyama vya kufaana vimekuwa vikiliziba kwa zaidi ya karne moja. Walowezi wa Kizungu walikuwa na nyumba zao za Frimasoni, zilizoanza Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20. Wenyeji wa Pwani walikuwa na vyao. Beni, iliyochipuka mwishoni mwa karne ya 19, ilionekana kuwa ngoma tu: sare, tarumbeta na vyeo vya kijeshi. Nyuma ya shamrashamra hizo wanachama walichangiana katika maradhi na mauti. Wakoloni waliitazama kwa shaka, kwani watu wanaoweza kujipanga kuzikana wanaweza pia kujipanga kudai haki.

Hofu hiyo haikuwa bure. Katika miaka ya 1940 chama cha Mijikenda Union kiliundwa Mombasa na kuyapa makabila tisa sauti moja. Wanawake waliozoea kujipanga katika vyama vya lelemama nao walikuwa miongoni mwa walioanzisha jumuiya za wanawake wa Kiislamu mjini humo katika miaka ya 1950.

Leo urithi huo umo katika makundi ya akina mama, wavuvi na waendeshaji bodaboda. Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya 2022 imeyapa utambulisho rasmi, hatua inayofaa kwa kuwa mweka hazina akitoroka na kitita, wanachama huhitaji mahali pa kushtaki.

Hata hivyo, cheti hakitoshi. Bima mpya ya afya ilipoanza Oktoba 2024, asiye na mshahara alitakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima, usiopungua shilingi 3,600. Mvuvi hupata kwa siku na hukosa kwa msimu. Kusi ikivuma, hata nauli ni shida. Chama humwelewa kwa sababu wenzake wanajua bahari ilivyo. Bima haina macho hayo.

Hatari nyingine ni wanasiasa, ambao uchaguzi ukikaribia huja na harambee na mahema. Kundi linalozoea fedha za mgeni husahau kuchanga zake, na mgeni akiondoka hubaki kapu tupu.

Serikali ikitaka kuwafikia wanyonge wa Kilifi, na ijifunze kupokea kidogo kidogo kama chama kipokeavyo. Wanachama nao wasiuze daftari lao kwa mfadhili wa msimu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hicho sharti kiwe mikononi mwa walioweka haba hizo.