Msiliruke Swali la Dadu



Ndugu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu, leo naomba tuzungumze hesabu. Najua mtasema, maalim wa madrasa na hesabu za shule wapi na wapi? Lakini mlango huo mmenifungulia nyinyi wenyewe. Si mzazi mmoja wala wawili hapa Buyenzi walionijia baada ya swala kuniuliza kama watoto wao wafanye au wasifanye maswali ya uwezekano yaliyomo katika vitabu vya shule, kwani mule ndani mna dadu, mna karata, mna tiketi za bahati nasibu. Mmoja alikwisha kumwamuru kijana wake aache ukurasa huo mtupu. Kijana akatii, mtihani ukaja, maksi zikapotea.

Mimi nasema wazi: swali hilo lifanywe, na lifanywe lote. Kamari tunaijua ni nini, na Suratul Maida aya ya 90 haikutuachia shaka juu yake. Ni mtu kuweka mali yake rehani ili bahati iamue nani atamla mwenzake. Sasa huyu mtoto aliyekaa na kalamu mkononi ameweka nini? Amekula mali ya nani? Ameulizwa tu ahesabu: kitu chenye pande sita kikitupwa, kuna njia ngapi za kupata namba shufwa? Akijibu tatu katika sita, yaani nusu, hakuna franga iliyohama mfukoni mwa mtu.

Na kama moyo wako bado mzito kwa jina la dadu, wala sikulaumu, chukua mfuko na maharage. Tia mekundu matatu na meupe mawili. Mwambie mwanao achomoe moja bila kutazama, asilirudishe, achomoe la pili. Kuna uwezekano gani yote mawili yawe mekundu? La kwanza ni 3 katika 5. Likishatoka jekundu moja yamebaki manne, na mekundu ndani yake ni mawili, basi la pili ni 2 katika 4. Zidisha: 6 juu ya 20, yaani 3 katika 10. Asipoamini, aandike jozi zote za maharage matano. Atapata jozi kumi, na jozi za mekundu matupu ni tatu. Namba ileile. Hapo hakuna dadu wala karata, na somo ni lilelile.

Wapo wanaosema elimu hii imezaliwa mezani kwa wacheza kamari wa Ulaya. Ni kweli kwamba mwaka 1654 Wafaransa wawili, Pascal na Fermat, waliandikiana barua juu ya swali la mchezo uliokatika katikati: fedha zilizowekwa zigawanywe vipi kwa haki? Lakini kuhesabu njia zinazowezekana hakukuanzia kwao. Al-Kindi wa Baghdad, aliyefariki karibu na mwaka 873, aliandika risala juu ya kufumbua maandishi ya siri. Njia yake ilikuwa kuhesabu kila herufi inatokea mara ngapi katika maandishi ya kawaida, kisha kutafuta alama inayotokea kwa wingi uleule katika maandishi ya siri. Kwa Kiarabu alifu na lamu ndizo zinazotokea sana, basi alama iliyozidi wenzake ina nafasi kubwa ya kuwa moja kati ya hizo. Hiyo ni takwimu, tena takwimu hasa! Na Marrakesh alikuwako Ibn Mun'im, aliyefariki mwaka 1228, ambaye alichukua nyuzi za hariri za rangi kumi akauliza: nikichagua rangi tatu tatu, nitapata mafungu mangapi? Jibu ni 120. Mwanafunzi wa leo anayekutana na swali kama hilo darasani huona kama limeshuka kutoka mwezini.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba watoto wetu wa madrasa wanayo nusu ya somo hili tayari. Kijana aliyefika katika mlango wa mirathi ukimwambia maiti ameacha mke, mama na binti mmoja, atakupa bila kusitasita thumni, sudusi na nusu, na asili ya mas'ala ni 24: mke 3, mama 4, binti 12, zimebaki 5 za kutafutiwa mwenyewe. Kijana huyohuyo ukimpa sehemu tatu za maharage azijumlishe, anatoa jasho! Sababu nadhani ni lugha. Shuleni anasoma kwa Kifaransa, anakariri kanuni kama mtu anayekariri asichokielewa, na hakuna aliyemwambia kwamba hizi ni sehemu zilezile alizozizoea.

Kosa ninaloliona mara nyingi ninapokaa na wanafunzi ni moja: wanakimbilia kanuni kabla ya kuhesabu. Chukua mfano huu. Vikaratasi sita vyenye namba 1 hadi 6 katika bakuli moja, na sita vingine kama hivyo katika bakuli la pili. Unachomoa kimoja kimoja, unajumlisha. Kuna uwezekano gani jumla iwe 7? Wengi wanasema jumla zaanzia 2 hadi 12, ni kumi na moja, basi jibu ni 1 katika 11. Si kweli. Jumla hizo haziko sawa. Chora jedwali la mistari sita kwa sita, utaona vyumba 36, na hivyo ndivyo vilivyo sawa. Jumla ya 12 ina chumba kimoja tu, 6 na 6. Jumla ya 7 ina vyumba sita: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4, kisha vilevile kwa kugeuza. Basi 7 ni 6 katika 36, yaani sudusi, na 12 ni 1 katika 36. Anayechora jedwali haulizwi kanuni, na akisahau kanuni siku ya mtihani jedwali halimwachi.

Sasa nije kwenye jambo linalogusa nyumba zetu. Kuna akina baba, nawajua, waliopata binti watatu wakaanza kumnunia mke. Wengine husema, "Wa nne lazima awe wa kiume, zamu yake imefika." Hakuna zamu! Kila mimba ina karibu nusu kwa nusu, na zile tatu zilizopita hazina habari na ya nne. Uwezekano wa watoto wanne wote kuwa wa kike ni nusu mara nusu mara nusu mara nusu, yaani 1 katika 16. Maana yake katika kila familia 16 zenye watoto wanne, utegemee kukuta kama moja hivi ya binti watupu. Jirani zako wangapi wana watoto wanne? Basi si ajabu wala si mkosi. Na tukiongeza elimu ya madaktari, kinachoamua jinsia kinatoka katika mbegu ya baba. Anayetaka kununa ajitazame kwenye kioo.

Mtu akiniuliza kama kusema "1 katika 16" ni kuingilia qadar, namjibu hapana. Namba hiyo haidai kujua kitakachotokea. Inapima kiasi cha kutojua kwetu sisi.

Takwimu nazo zina mitego yake, nitataja mmoja tu. Tajiri mmoja anawaambia vijana, "Kwangu mshahara wa wastani ni franga 200,000." Ukitazama, wafanyakazi wanne wanapata 60,000, 70,000, 80,000 na 90,000, na wa tano, mwanawe, anapata 700,000. Jumlisha, gawa kwa tano: kweli ni 200,000. Hakusema uongo. Lakini wapange kwa safu, wa katikati anapata 80,000, na wewe ukiajiriwa utakuwa karibu na huyo.

Nimeacha kamari mwisho kwa makusudi. Vijana wetu wanabeti, kwenye vibanda na kwenye simu, na mawaidha tunatoa. Tuongeze na hesabu. Bahati nasibu ina tiketi 1,000, kila moja franga 500, zawadi ni moja ya 300,000. Mwulize kijana: ukitaka uhakika wa kushinda ufanye nini? Atasema anunue zote. Sawa, atoe 500,000 apokee 300,000! Tiketi ya 500 ina thamani ya 300, na kila anayenunua ameacha 200 kwa mwenye meza.

Na mkeka wa mechi tano? Tumpe kijana sifa asiyostahili, tuseme kila mechi anapatia mara 6 katika 10. Zote tano kwa pamoja ni 0.6 ikizidishwa mara tano, inatoka chini ya 8 katika 100. Mikeka 92 katika 100 inachanika. Yeye anakumbuka timu moja iliyomwangusha dakika za mwisho, na kesho anarudi akisema amekosa sana, sasa zamu yake imefika. Ni maneno yaleyale ya yule baba wa binti watatu.

Ndiyo maana simwelewi mzazi anayemkataza mtoto swali la dadu kwa kuogopa kamari. Huyo amemnyang'anya kalamu ambayo ingemwonyesha kamari inavyomla.

Nawaachieni moja la kufanya nyumbani usiku huu. Mfuko una maharage mekundu manne na meupe sita. Unachomoa mawili bila kurudisha. Kuna uwezekano gani angalau moja liwe jekundu? Msihangaike na njia zote, hesabuni kwanza njia za kukosa kabisa, kisha mtoe katika moja. Jibu ni thuluthi mbili.

Wabillahi tawfiq.