Mkiachana Usifute Picha: Wanachuo wa Miaka ya 1900 Walituzidi Hapa

Wadau, mchezo wenyewe mnaujua. Staa anaachana na mtu wake usiku, asubuhi mnaamka mnakuta ukurasa wake mweupe pee. Picha za Zanzibar hazipo, keki ya bethdei haipo, na yale mapambio ya kuitana mke na mume yameyeyuka. Simtaji mtu hapa, maana orodha ni ndefu na mawakili wapo. Nyie wenyewe mnawajua.

Ila tusiwaonee mastaa peke yao. Mwanachuo wa mwaka wa pili pale hosteli naye ni walewale. Akigombana na rafiki, anafuta. Akinenepa, anafuta. Picha ikikosa laiki, anafuta. Anamaliza miaka yake mitatu na ukurasa unaosema kitu kimoja tu: alikuwa anavaa vizuri. Basi.

Sasa waangalieni wanachuo wa Marekani wa mwanzoni mwa miaka ya 1900. Vyuo vya wasichana kama Vassar, Smith na Bryn Mawr mpaka leo vinatunza madaftari makubwa ambayo wanafunzi wa enzi hizo walibandika maisha yao ya chuo. Mtindo wa kubandika ulikuwa umeshika zamani, kiasi kwamba mwandishi Mark Twain mwaka 1873 alipata hataza ya daftari lenye kurasa zilizopakwa gundi tayari. Unalowesha kidogo, unabandika. Mwaka 1900 Kodak wakaleta kamera ya Brownie kwa dola 1, na vijana wakaanza kupigana picha wenyewe bila kusubiri studio.

Humo ndani kuna nini? Vitu vya kawaida kabisa. Vishina vya tiketi, menyu, telegramu kutoka nyumbani, maua yaliyokaushwa, vipande vya utepe. Halafu kuna kadi za dansi, hizo ndizo zinanimaliza. Ni vijitabu vidogo vyenye orodha ya dansi za usiku huo, na mara nyingi kipenseli kimefungwa kwa uzi. Anayetaka kucheza dansi ya tatu na wewe, jina lake linaandikwa kwenye namba 3. Yaani ukikifungua leo unaona nani alicheza na nani, na nani jina lake limejirudia mara mbili. Ushahidi kamili!

Na pointi yangu ipo hapo. Kitu kikishabandikwa, kukitoa ni kazi. Ukikibandua karatasi inachanika, alama ya gundi inabaki. Miaka mia baadaye mtu anayefunua ataona pengo na kujua kwamba hapa palikuwa na kitu. Ukurasa wako wa simu haubakizi hata pengo.

Najua kuna atakayesema hao nao walikuwa wanachagua cha kubandika. Kweli kabisa. Hakuna anayebandika usiku aliokesha akilia. Na kuna watu ambao hata nafasi ya kuwa na daftari la chuo hawakuipata. Mwaka 1910 wanawake walikuwa karibu asilimia 40 ya wanafunzi wa elimu ya juu Marekani, lakini vijana weusi walikuwa wamefungiwa milango ya vyuo vingi. Kwa hiyo madaftari haya si ukweli wote, na sisemi watu wa zamani walikuwa malaika.

Tofauti ni hii. Yeye alichagua akiwa na miaka 19, na uamuzi wa miaka 19 ukabaki. Sisi tunachagua kila siku upya. Wewe wa miaka 30 unamuonea aibu yule wa miaka 19, unamkata huku, unamfuta kule, mpaka anaisha. Kumbe yule mshamba mwenye suruali pana ndiye aliyekuleta hapo ulipo.

Tuelewane lakini. Sisemi mtu aliyekuumiza abaki hapo akikukodolea macho kila asubuhi. Mtoe hadharani, tena fasta. Ila kutoa hadharani ni jambo moja, kuua kumbukumbu ni jingine. Na hata usipofuta, stori inaondoka baada ya saa 24, simu inaibiwa kwenye daladala, nywila inasahaulika. Ukitegemea simu peke yake, ujue umeazimwa tu.

Dada zetu waliosoma bweni walikuwa na zile otografu za kuandikiana maneno ya kuagana walipomaliza kidato cha nne. Wengi wanazo hadi leo, na wakizifungua wanacheka hadi machozi. Si kitu kigeni kwetu, tumekiacha tu.

Kwa hiyo nunua daftari gumu na gundi. Bandika tiketi ya basi iliyokupeleka chuo mara ya kwanza, ratiba ya mtihani uliokutoa jasho, karatasi aliyokuandikia rafiki ambaye leo hamsalimiani. Risiti ya chipsi mayai pia, ila zile za mashine maandishi yanafifia, kwa hiyo andika pembeni kwa kalamu: tarehe, mlikuwa nani, nani alilipa.

Haya, funguka hapo chini: daftari lako likifunuliwa miaka mia ijayo, jina la nani litakutwa limejirudia mara mbili?