Mwenye Sare Ndiye Mwenyeji wa Kwanza

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii twaisikia tangu utotoni, lakini ni wachache miongoni mwetu sisi tuvaao sare waliowahi kujiuliza kama yatuhusu. Aghalabu twadhani kuwa kupokea wageni ni kazi ya mwenye hoteli, au ya mwongoza watalii, au ya mama auzaye chai kando ya barabara. Sisi, twasema, kazi yetu ni kulinda. Maoni yangu ni kwamba fikra hiyo ina kasoro kubwa, na kasoro hiyo yaligharimu taifa letu kuliko tunavyodhani.

Tuitazame safari ya mtu aingiaye Burundi kwa mara ya kwanza kwa njia ya Kobero. Kabla hajasikia mlio wa ngoma, kabla hajaonja kahawa ya vilima vyetu, hukutana na polisi wa mpakani. Akishuka kwenda Muyinga hukuta kizuizi, na hapo yupo askari. Akishika njia ya Karuzi mpaka Gitega, sare ataziona tena na tena. Basi Mrundi wa kwanza kumtazama usoni ni mmoja wetu, na neno la kwanza alisikialo katika nchi hii latoka kinywani mwetu. Tupende tusipende, sisi ndio wenyeji wa kwanza.

Nayasema haya si kwa kuwa nimesoma tu, bali kwa kuwa nimewahi kukosea. Nilipokuwa luteni kijana, muda mfupi baada ya kutoka chuo cha maofisa, niliwekwa na kikosi changu katika barabara iendayo Muyinga. Siku moja walifika mwalimu mmoja na mkewe kutoka Tanzania, watu wazima wenye adabu, wakiwa katika gari lao. Baada ya kukaguliwa vitambulisho, yule mwalimu aliniuliza, "Afande, sisi ni wageni kabisa. Hapa kwenu kuna nini cha kutazama?" Nikamjibu bila kufikiri, "Hapa hakuna kitu, mzee. Endeleeni tu mpaka Bujumbura, huko kuna ziwa." Wakashukuru, wakaondoka.

Nyuma yangu alikuwapo koplo mmoja, mtu mkimya. Gari lilipotoweka alinisogelea akasema kwa heshima, "Afande, umesema hapa hakuna kitu, nami nimezaliwa hapa." Hakuongeza neno. Sikuwa na jibu, kwa maana kweli ilikuwa kwamba sikujua. Nilijua idadi ya risasi ghalani na majina ya vituo vyote vya doria, lakini nchi niliyokuwa nikiilinda sikuijua.

NGOMA SI KELELE

Tuanze na Gitega. Wajerumani waliufanya mji huu makao ya utawala wao mwaka 1912, walipohama kutoka Usumbura, yaani Bujumbura ya leo. Wabelgiji waliowafukuza mwaka 1916 waliyarudisha makao pwani ya ziwa. Mwaka 2019 sheria ya taifa iliifanya Gitega kuwa makao makuu ya kisiasa, na Bujumbura ikabaki kuwa mji wa biashara. Askari wengi wamehamishiwa Gitega tangu wakati huo. Wangapi kati yao wamepanda kilima cha Gishora?

Gishora ni kilomita chache tu kutoka mjini. Mapokeo yasimulia kwamba Mwami Mwezi Gisabo alijenga boma lake pale baada ya kumshinda mtemi mwasi aitwaye Ntibirangwa. Huyu Mwezi ndiye aliyewapinga Wajerumani kwa miaka mingi kwa mikuki na pinde, mpaka alipolazimika kutia mkataba wa Kiganda mwaka 1903. Kwa mwanajeshi, hilo peke yake latosha kuwa sababu ya kukipanda kilima hicho. Lakini liko jambo kubwa zaidi. Gishora ni pahali patakatifu pa ngoma, na wazao wa walinzi wa ngoma wangali pale wakiitunza amana ya mababu zao.

Mgeni huona wapigaji wakiingia na ngoma vichwani huku wakiendelea kuzipiga, naye hustaajabia nguvu zao. Asilolijua, na ambalo yatupasa tuweze kumwambia, ni maana yake. Katika Kirundi, neno ingoma lina maana ya ngoma, na tena lina maana ya ufalme. Hapo kale ngoma haikupigwa ovyo. Ilipigwa mwami alipotawazwa, alipozikwa, na katika umuganuro, sikukuu ya kufungua msimu wa kupanda mtama. Ngoma huchongwa katika gogo zima la mti uitwao umuvugangoma. Sehemu zake zina majina ya mwili na mapambo ya mama: ngozi yake ni icahi, yaani ngozi ya kumbebea mtoto, vigingi vyake ni amabere, yaani matiti, na ipo urugori, taji la mwanamke aliyezaa. Ngoma ya katikati, inkiranya, ndiyo iongozayo. Amashakwe hushika mapigo yasiyobadilika, na ibishikizo huifuata ile ya kati. Kila mwanajeshi aliyewahi kucheza gwaride ataelewa mpango huo mara moja.

Ufalme ulifutwa mwaka 1966, lakini ngoma haikufa pamoja nao. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliingiza ngoma yetu ya kifalme katika orodha ya urithi wa wanadamu wote. Mwaka 2017 ilitoka amri ya Rais iliyoweka utaratibu wa maonyesho ya ngoma, ikiagiza kwamba kuzipiga ni kwa wanaume, na kwamba vikundi vipate kibali. Mgeni akiuliza mbona chombo chenye majina ya mama hakipigwi na mama, asikemewe. Aelezwe sheria isemavyo, na aelezwe kwa upole.

Mjini Gitega penyewe ipo Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1955. Si jengo kubwa, na mtu aweza kulizunguka kabla chai haijapoa. Lakini mna vyombo vya nyumba ya mwami, vikapu, vyungu, silaha na picha za kale. Kijana wa kambini aliyezoea bunduki ausimamie mkuki wa babu yake dakika moja, kisha ajiulize ulimlinda nani.

MUYINGA MLANGONI

Sasa twende Muyinga, huko nilikosema hakuna kitu. Mji huu ulikuwa makao ya mkoa wenye jina hilo mpaka mageuzi ya mwaka 2025 yalipoipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5, na leo umo katika mkoa wa Buhumuza. Ni mji wa mpakani, mji wa malori na wafanyabiashara. Una Waislamu wengi, na Kiswahili husikika sokoni sawasawa na Kirundi. Mtanzania au Mkenya aliyechoka kwa safari, akisikia sauti ya adhana na kuitikiwa "karibu" na muuza mandazi, hujiona hajafika ugenini. Hiyo nayo ni hazina. Tangu Burundi ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili cha Muyinga ni daraja ambalo hatukulijenga kwa saruji wala kwa mkopo.

Kusini ya mji, bonde la Ruvubu limehifadhiwa kuwa mbuga ya taifa tangu mwaka 1980. Mbuga hiyo ina hekta zipatazo 50,800, nayo ndiyo kubwa kuliko zote nchini. Jina la mto lakumbusha imvubu, yaani kiboko, na viboko wangalipo, pamoja na nyati, kuro, nyani na aina zaidi ya 400 za ndege. Maji ya Ruvubu hukutana na Nyabarongo, yakawa Kagera, yakaingia Ziwa Victoria, na mwisho wake ni mto Nile na bahari ya Misri. Tusisahau pia kwamba mbuga ilipoanzishwa, familia nyingi zilihamishwa katika ardhi yao. Mnyama anayelindwa pale amelipiwa kwa jasho la wananchi, na askari akubaliye kuwafumbia macho majangili awadhulumu watu hao mara ya pili.

Tena kuna maktaba ambayo wengi wetu tumeipita bila kugeuza shingo. Ilijengwa mwaka 2012 na wasanifu wa majengo kutoka Ubelgiji pamoja na mafundi wa Muyinga, iwe mwanzo wa shule ya watoto viziwi. Kuta zake ni matofali ya udongo ulioshindiliwa, usiochomwa. Mapaa yake ni ya vigae. Ndani umetundikwa wavu mkubwa wa kamba za katani, uliosukwa kwa mikono, ambamo watoto hujilaza wakisoma. Jengo hilo limewavutia wasanifu wa nchi za mbali, nasi tulio karibu twauliza bado, "Kuna nini Muyinga?"

MFANO WA MBALI

Pengine msomaji atasema, nchi yetu ni ndogo, na wakubwa wametutangulia. Hebu tuitazame nchi nyingine ndogo. Magharibi ya Uingereza iko Wales, yenye watu wapatao milioni tatu. Mwaka 1283 Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza, baada ya kuwashinda Wawelisi, alianza kujenga ngome kubwa mahali paitwapo Caernarfon ili awatawale kwa hofu. Leo ngome hiyo imo katika urithi wa dunia, na wageni hulipa kiingilio ili waione. Kilichojengwa kumtisha Mwelisi sasa chamlisha. Lugha yao nayo, iliyodharauliwa kwa muda mrefu, imeandikwa kwenye vibao vya barabarani kando ya Kiingereza.

Lakini lililonigusa mimi zaidi ni neno moja. Magari ya polisi ya Wales yameandikwa HEDDLU. Neno hilo limeunganishwa kwa maneno mawili ya Kiwelisi: moja lina maana ya amani, na la pili lina maana ya jeshi. Polisi kwao ni jeshi la amani. Mgeni ateremkaye Wales kwa mara ya kwanza husoma neno hilo ubavuni mwa gari, hata kama hajui maana yake.

Sisi hatuna haja ya kuliazima. Salamu yetu ya kila siku ni "Amahoro", nayo ni amani hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba wao wameiandika kwenye gari, nasi yatupasa kuitamka kwa kinywa, tena kwa uso usiokunjwa.

LIFANYIKALO

Yapo mambo ambayo hayahitaji bajeti wala waraka mrefu. Kwanza, kila kikosi kihamiacho Gitega kipelekwe Gishora na Makumbusho katika mwezi wake wa kwanza, kama kipelekwavyo kwenye uwanja wa shabaha. Walio Muyinga waonyeshwe Ruvubu na maktaba. Askari wetu waliohudumu Somalia tangu mwisho wa mwaka 2007 waliishi na majeshi ya mataifa mengine. Mwenzako akikuuliza habari za ngoma ya kwenu nawe ukainamisha kichwa, hiyo ni aibu isiyo na medali.

Pili, mgeni afundishwe desturi na mtu wa kwanza akutanaye naye. Aambiwe kwamba tukimpa mtu kitu au mkono kwa heshima, mkono wa kushoto hushika ule wa kulia. Aambiwe kwamba akialikwa kwenye chungu cha impeke, pombe ya mtama, na kupewa mrija, ameheshimiwa, hata kama atagusa tu kwa midomo. Aambiwe kuomba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Na kama amelenga kamera kwenye kambi, aelezwe sheria kwa maneno kabla ya kunyang'anywa chombo chake.

Tatu, na hili nalisema waziwazi: mgeni asiombwe kitu. Hati zake zikiwa sawa, njia ifunguliwe. Zikiwa na kasoro, sheria ifuatwe na stakabadhi itolewe. Mkono ulionyoshwa kuomba hauwezi wakati huo huo kukaribisha. Noti moja iliyochukuliwa kizuizini husimuliwa Mwanza na Nairobi mwaka mzima, na uzuri wote wa Gishora hauwezi kuifuta.

Kumbukumbu za miaka ya vita zingalipo. Wako wananchi wetu ambao bado hushtuka waonapo sare njiani. Nao pia hututazama tunavyompokea mgeni, na hapo hupima kama tumebadilika. Kwa hiyo adabu ya kizuizini haimhusu mgeni peke yake.

Yule mwalimu na mkewe sijawaona tena. Lakini kama mmoja wenu, ndugu askari na polisi, yuko leo barabarani Muyinga, na gari geni likasimama, na mtu akauliza kuna nini hapa, namsihi asijibu kama nilivyojibu mimi. Na kama hajui, amwite koplo aliyezaliwa pale.