Neno la Mhariri: Kabali na Kuachia

Ukishuka Posta, jijini Dar es Salaam, ukatembea hadi Samora, itazame miguu ya Sanamu ya Askari. Mmoja umetangulia, mikono yote miwili imekamata bunduki, na singe imeelekea bandarini. Imesimama hivyo tangu 1927. Bunduki ile haipigi risasi tena, imegeuka mkuki. Vijana wa Keya, askari wa Kiafrika wa jeshi la Mwingereza, nao walikwenda Burma mwaka 1944 wakiwa na singe.

Toleo hili linahusu kinachobaki kwa askari risasi zikiisha. Tumeliandaa tukiwa Vingunguti, ambako jambo hili halikomei kambini. Makomandoo wa JWTZ wakionyesha ukakamavu kwenye sherehe za Uhuru, wakivunja matofali na kubwagana chini, kesho yake watoto wa huku kwetu wako kwenye vumbi kando ya reli wanarudia yote waliyoyaona.

Yametoka wapi mapigo hayo? Mwingereza William Fairbairn alijiunga na polisi wa Shanghai mwaka 1907, akajifunza jujutsu na judo kwa Wajapani na mapigano ya Kichina palepale mjini. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto akarudi kwao kufundisha makomandoo. Hakuwa na miaka kumi ya kumpika kruti. Alikuwa na siku chache. Akapembua yote aliyoyajua, akabakiza mapigo ya kuhesabika: kiganja chini ya kidevu, goti, ukingo wa kiatu kwenye muundi, kisu. Kuinamiana kwa heshima kukaachwa. Kata, yale mazoezi ya kufuata hatua zilizopangwa, zikaachwa. Na kumwachia mtu aliyesalimu amri kukaachwa pia, kwa kuwa vitani hakukuwa na kazi. Simlaumu. Majeshi mengi yamepita njia hiyo, kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini zaidi ya miaka hamsini kabla yake, mwaka 1882, mwalimu Jigoro Kano alishika njia nyingine. Aliichukua jujutsu, ujuzi wa samurai, akayaondoa kwenye pambano la mazoezi yale ya kuvunja na kuua, akabakiza kuangusha, kushika, na kukaba kwa namna ambayo mwenzako akigonga mkeka unamwachia papo hapo. Chimbuko la wawili hawa ni moja. Fairbairn aliupeleka ujuzi ule vitani. Kano aliutoa vitani akaufanya somo.

Hapa nchini tumeionja kwa muda mrefu njia hiyo ya kuyafanya mapigano kuwa somo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi, alianza kufundisha karate ya Goju-ryu pale Zanaki, Dar es Salaam. Goju ni ugumu na ulaini katika neno moja. Zanzibar, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka amewafundisha vijana judo kwa miongo kadhaa. Tatizo ni kwamba wanaolinda mitaa yetu usiku hawakupita huko. Wamepita mgambo, na wengine JKT, na walichotoka nacho ni kwata, ukakamavu, na pigo.

Mwongozo wa TANU wa 1971 ulitaka wananchi wenyewe wawe walinzi wa nchi, na miaka saba baadaye Idi Amin wa Uganda alipovamia Kagera, mgambo walionyesha thamani yao. Leo mgambo na kijana wa ulinzi shirikishi hawakutani na jeshi la Amin. Wanakutana na mtoto wa jirani aliyekwapua simu, mlevi mwenye chupa, ndugu wawili wanaogombea nyumba ya marehemu. Na wanakutana na duara la watu. Magazeti yetu huliita duara hilo wananchi wenye hasira kali, na kila msomaji anajua kinachofuata: tofali, au tairi.

Nikiwa kijana nilisimama pembeni ya duara kama hilo. Mlinzi alikuwepo, mwenye mafunzo, na alipiga kama wengine kwa sababu kupiga ndiko alikojua. Mimi sikufanya lolote. Sijaisahau sura ya yule aliyekuwa katikati.

Kwa hiyo tunasema wazi: mafunzo ya mgambo na ya walinzi wa mitaa yatoe saa nyingi zaidi kwa kushika na kuachia kuliko kwa kupiga. Mtu anayejua kumwangusha mwizi bila kumvunja, akamzuia, kisha akamketisha apumue mpaka difenda ya polisi ifike, ameokoa maisha, na ameiachia mahakama kazi yake. Kukaba vijana wetu hawahitaji kufundishwa. Roba, ile kabali ya vibaka, ni ya zamani mjini hapa. Kabali ya mkwapuzi na ya mwanajudo ni ile ile. Zinaachana sekunde moja baadaye.

Jirani yetu mmoja aliyepita JKT anafundisha jioni uani kwake, juu ya turubai lililotandikwa kwenye maranda ya mafundi seremala. Hahesabu nani kamwangusha nani. Anaangalia mkono unaogonga, na muda ambao mkabaji anachukua kulegeza. Wiki iliyopita kijana mmoja mrefu alichelewa kulegeza. Mwalimu hakumgombeza. Alimwinua yule aliyekabwa, akalala yeye mahali pake, akamwambia kijana amkabe.