Ukaguzi Kwanza, Ununuzi Baadaye

Wahenga walisema: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Msemo huu watuhusu sana sisi tuvaao sare, kwani mara nyingi mshahara unapotoka, au mkopo unapokubaliwa, macho yetu hukimbilia kilicho dukani kabla hayajakitazama kile tulicho nacho nyumbani. Leo twapenda kuzungumza na askari wenzetu wa jeshi na wa polisi juu ya jambo hilo, na mfano wetu ni chombo cha starehe: amplifaya ya valvu.

Nyumbani kwetu hapa Bugolobi tunayo amplifaya moja ya namna hiyo. Ina valvu 4 za EL34, mbili kwa kila upande, nayo hutoa wati 35 kwa kila spika. Kwa miaka mingi imetuburudisha kwa santuri za rumba jioni baada ya kazi. Mwaka jana sauti yake ilianza kufifia, na spika ya kushoto ikawa inavuma. Muuzaji mmoja wa mjini alitushauri tusihangaike na kitu kikuukuu. Alikuwa nayo amplifaya mpya, yenye valvu kubwa za KT88 na wati 70 kwa kila upande. Bei yake ilikuwa sawa na mishahara yetu ya miezi saba. Tulichukua fomu ya mkopo, tukaijaza, ikabaki kutiwa sahihi tu.

Hapo ndipo tulipojiuliza swali ambalo kila askari analijua tangu siku alipokabidhiwa bunduki: je, bunduki imeshindwa kazi, au mwenyewe ameshindwa kuisafisha?

Tuanze na hesabu. Wengi hudhani kwamba wati 70 zina sauti maradufu ya wati 35. Sivyo hata kidogo. Nguvu ikiongezwa mara mbili, sauti huongezeka kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huisikia lakini ni ndogo. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa maradufu, yapasa nguvu iongezwe kiasi cha mara 10. Tena spika hazilingani. Iko spika ambayo kwa wati moja hutoa desibeli 87 kwenye umbali wa mita moja, na iko nyingine itoayo 93. Mwenye hii ya pili, akiwa na amplifaya ya wati 20, atasikia sawa na mwenye ile ya kwanza aliye na wati 80. Kwa hiyo sisi tulikuwa tayari kulipa mishahara ya miezi saba kwa ajili ya desibeli 3.

Baada ya hesabu ulifuata ukaguzi. Tulimwita fundi wa redio anayezifahamu valvu. Alikuta valvu moja imechoka, kapasita za kusawazisha umeme zimekauka, na mkondo upitao katika valvu wakati muziki umenyamaza haujapimwa kwa miaka mingi. Valvu za kutoa nguvu huchakaa baada ya saa elfu kadhaa za kazi. Huo si ugonjwa, ni desturi yake, kama risasi zinavyokwisha. Transfoma za kutolea sauti, ambazo ndizo moyo wa amplifaya na ndizo ghali, zilikuwa nzima. Hapa Bugolobi iko barabara yenye jina la Faraday. Na ni Michael Faraday aliyegundua mwaka 1831 kanuni inayoendesha kila transfoma. Waya wa shaba uliozungushwa vizuri kwenye chuma hauzeeki upesi. Matengenezo yote hayakuzidi mshahara wa mwezi mmoja, na mvumo ukatoweka. Lakini twaonya: asiye fundi asifungue chombo hiki, kwani kapasita zake huweza kushika volti 400 au zaidi hata baada ya umeme kuchomolewa.

Wako watakaosema kwamba valvu ni mambo ya kale. Hao twawakumbusha tarehe 6 Septemba 1976, siku rubani wa Kisovieti, Viktor Belenko, alipotua Hakodate, Japani, na ndege ya kivita aina ya MiG-25. Wataalamu walipoifungua walikuta vyombo vyake vingi ni vya valvu, wakati ambapo dunia ilikuwa imekwisha hamia kwenye transista. Wapo waliocheka. Lakini valvu hizo zilivumilia joto kali, tena ziliipa rada nguvu kubwa ya kupenya vurugu za mitambo ya adui. Chombo hupimwa kwa kazi yake, si kwa umri wake.

Hatusemi kwamba kununua kipya ni kosa. Transfoma zikiungua, au spika zikiwa nzito na ukumbi mpana, hapo kuna hoja. Na kwa mesi yenye watu mia, amplifaya ya transista yafaa zaidi, kwa kuwa ya valvu hutoa joto jingi na hula umeme hata muziki ukiwa chini. Tunachokataa ni kuagiza kabla ya kukagua.

Jambo hili lina uzito kuliko muziki. Makato ya mkopo hayajui kwamba muhula wa shule umefika au kwamba mzazi ni mgonjwa kijijini. Amri ya uhamisho nayo haingoji deni liishe. Askari wa jeshi aliyelemewa na madeni huenda lindo na mawazo mawili. Askari wa polisi wa namna hiyo hujaribiwa kirahisi barabarani, na akianguka, huiangushia aibu sare nzima. Adui wa namna hii haji na bunduki. Huja na fomu, nasi wenyewe ndio tunaoitia sahihi.

Ile fomu yetu hatukuitia sahihi. Karo ya watoto imelipwa, na jioni santuri zinalia kama zamani. Basi, ndugu askari, kabla ya kutamani kipya, kifanyie cha zamani gwaride la ukaguzi. Huenda hakijastaafu, huenda kinangoja tu kuhudumiwa.