"Hakutoa ushirikiano": barua ya wazi kwa Waziri wa Afya

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

Nakuandikia kuhusu maneno mawili yanayoandikwa kwenye mafaili ya kliniki za macho: "hakutoa ushirikiano." Huandikiwa mtoto aliyepiga kelele, akaficha uso, akakataa dawa ya matone. Miongoni mwao wamo watoto wenye usonji, na wengine ambao miili yao hupokea mwanga, sauti na mguso kwa ukali kuliko yetu. Kipimo ndicho kilichoshindwa kumfikia mtoto, lakini lawama imeandikwa kwa jina lake. Naamini wizara yako inaweza kuyaondoa maneno hayo kwa kupanga upya kazi ile ile, bila kununua mashine hata moja.

Hebu tutazame tunachomtaka mtoto huyu avumilie. Taa zinazimwa. Mtu asiyemfahamu anamsogelea uso kwa uso, karibu kiasi cha kuhisi pumzi yake. Kidevu kinawekwa kwenye kishikio cha mashine, paji la uso linabanwa kwenye mkanda. Fremu ya kujaribia lenzi inamlemea puani, na kila lenzi inayobadilishwa inagonga chuma kando ya sikio. Kisha yanakuja matone ya kupanua mboni: kope inavutwa, tone linachoma, na kwa saa kadhaa, pengine hadi kesho yake, mwanga unamuumiza na vitu vya karibu vinafifia. Kwa mtoto ambaye lebo ya shati tu humtoa machozi, hayo ni mateso. Wapo wanaosema amedekezwa. Tangu 2013, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unaotumika kutambua usonji umeweka hisia zilizozidi au zilizopungua miongoni mwa dalili zake. Hakuna fimbo inayoondoa dalili.

Na ni watoto hawa hawa wanaohitaji zaidi kupimwa. Uingereza, watafiti waliwapima wanafunzi 949 wa shule maalumu na kuchapisha matokeo mwaka 2019: karibu nusu walikuwa na tatizo la kuona, na zaidi ya 4 katika kila 10 hawakuwa na historia ya kupimwa macho. Kama hali ni hiyo kwenye nchi yenye wataalamu wengi kuliko sisi, sioni sababu ya kudhani kwetu ni nafuu. Muda nao haungoji. Jicho vivu, ambalo ubongo umezoea kulipuuza, hutibika vizuri zaidi kabla ya umri wa miaka 7 hivi, kwa miwani na kwa kuziba lile jicho zima. Mtoto asiyeongea hatamwambia mwalimu kwamba haoni ubao. Atatazama dirishani, na tutasema ni usonji wake.

Njia ipo, na inaanzia kwenye mpangilio. Mtaalamu anaweza kumulika jicho kwa mwanga mwembamba kutoka umbali wa mkono mmoja, mtoto akiwa mapajani kwa mama yake, akapata makadirio ya miwani bila kumgusa wala kumuuliza neno. Daktari Lea Hyvärinen wa Ufini alibuni chati ya picha nne, tofaa, nyumba, duara na mraba, ili mtoto asiyejua herufi aonyeshe kwa kidole kwenye kadi picha anayoiona kwa mbali. Hivyo vitangulie. Kinachogusa kifuate, na matone yawe mwisho, hata kama ni siku nyingine, yakitanguliwa na tone la ganzi. Katika kliniki yenye foleni ni rahisi matone kuwa ya kwanza, ili mboni zipanuke wakati watu wakisubiri. Mtoto anaingia chumbani akiwa tayari ameumizwa, na kila kinachofuata anakipokea kama adui.

Nitaambiwa wataalamu ni wachache na foleni ni ndefu. Ni kweli. Lakini mtoto anayeshikwa na watu wazima watatu huku akilia naye amekula muda, na akiondoka bila jibu, muda huo umepotea wote, na safari ijayo ataanza kulia getini. Dawa za usingizi na nusu kaputi zina nafasi yake: mboni inayong'aa nyeupe inaweza kuwa saratani ya jicho, na hiyo haisubiri mtoto azoee. Kwa watoto wengine, kuwapeleka chumba cha upasuaji ili tu kujua namba ya miwani ni gharama kubwa kuliko kuwapangia nusu saa ya asubuhi, kabla kliniki haijajaa.

Hoja inayonisumbua zaidi ni nauli. Mzazi aliyesafiri kutoka wilayani hawezi kurudi mara tatu. Ndiyo maana mazoezi yafanyike nyumbani na shuleni: mzazi apewe fremu tupu mtoto aivae dakika mbili kila jioni, na karatasi yenye picha za hatua za kipimo kwa mfuatano wake. Na pale ambapo kurudi hakuepukiki, ziara zote zihesabiwe kipimo kimoja na zilipiwe ada moja. Hilo muuguzi hawezi kuliamua. Wewe unaweza.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 25 inataka ulemavu utambuliwe mapema na usiachwe kuongezeka, watoto wakiwemo. Mwaka uliofuata tukatunga sheria yetu wenyewe. Ninachoomba sasa ni waraka mmoja kwa hospitali zote zenye kliniki ya macho, utakaoweka mpangilio huo na ada hiyo. Na pale kwenye faili palipoandikwa "hakutoa ushirikiano", paandikwe kipimo kipi kimekamilika, kipi kimebaki, nini kilimtisha mtoto, na tarehe ya kurudi.

Wako katika ujenzi wa taifa.