Huruma ya Sigara Wodini Imepotea Njia

Mwaka 2006 ulichapishwa nchini Uingereza utafiti uliowauliza wafanyakazi wa hospitali swali jepesi: je, unakubali sigara ipigwe marufuku mahali unapofanyia kazi? Katika hospitali za kawaida, takriban mtu mmoja kati ya kumi alipinga. Katika hospitali za magonjwa ya akili, waliopinga walikaribia mmoja kati ya watatu. Wauguzi na madaktari hao wamesomea vyuo vya aina moja, na wote wanajua sigara inafanya nini kwenye mapafu na moyo. Kinachowatenganisha ni mgonjwa aliye mbele yao. Anayeugua kifua haruhusiwi kuvuta, na hakuna anayeona ameonewa. Anayeugua skizofrenia huonewa huruma na kuachiwa paketi yake. Huruma hiyo ni ya kweli, lakini imepotea njia. Imejengwa juu ya hofu ambazo ushahidi wa miaka zaidi ya ishirini hauziungi mkono, na anayelipa gharama yake ni yuleyule anayehurumiwa.

Gharama yenyewe si ndogo. Shirika la Afya Duniani linasema watu wenye magonjwa makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko watu wengine, na wengi wao huuawa na maradhi ya mwili yanayozuilika: moyo, mapafu, kiharusi, kisukari. Sigara imo karibu katika orodha hiyo yote. Mwaka 2013 vyuo viwili vya kifalme vya Uingereza, cha madaktari wa tiba na cha madaktari wa akili, vilitoa ripoti ya pamoja iliyokadiria kwamba kati ya wavutaji milioni 10 wa nchi hiyo, hadi milioni 3 walikuwa na tatizo la afya ya akili. Kwa miongo mingi uvutaji ulikuwa ukishuka katika jamii kwa ujumla, lakini kwa kundi hili ulishuka kwa kusuasua. Mgonjwa aliyeingia wodini kutibiwa akili aliweza kutoka akiwa ametulia, huku ugonjwa utakaomuua ukiendelea kukomaa kifuani mwake mbele ya macho ya watumishi wa afya.

Hofu ya kwanza ya wafanyakazi, na ndiyo yenye uzito zaidi, ni ghasia. Muuguzi wa zamu ya usiku, mwenye wagonjwa wengi na wenzake wachache, ana haki ya kujiuliza itakuwaje atakapomnyima sigara mtu aliyekwisha kupandwa na hamaki. Ngumi ikirushwa, atakayeipokea ni yeye. Mtunga sera aliye ofisini haimfikii. Basi hofu hii isidharauliwe, ipimwe. Watafiti wawili wa Australia, Lawn na Pols, waliipima mwaka 2005 walipokusanya tafiti 26 kuhusu marufuku ya sigara katika wodi za akili. Walichokiona ni kwamba wafanyakazi walitarajia matatizo mengi kuliko yaliyotokea. Kwa jumla, ukali wa wagonjwa haukuongezeka, wala kufungiwa vyumba vya peke yao, wala kuondoka hospitalini kinyume cha ushauri wa daktari, wala kupewa dawa za kutuliza nje ya ratiba.

Ushahidi wa baadaye ulikwenda mbali zaidi. Oktoba 2014, taasisi ya South London and Maudsley, inayoendesha hospitali kongwe za akili za London zikiwemo Bethlem na Maudsley, ilipiga marufuku sigara ndani ya majengo na katika viwanja vyake vyote. Watafiti walilinganisha taarifa za mashambulizi ya kimwili za kabla na baada ya hatua hiyo, na matokeo yakatoka katika jarida la Lancet Psychiatry mwaka 2017. Baada ya kuzingatia mambo mengine yaliyoweza kuathiri hesabu, mashambulizi kwa mwezi yalikuwa yamepungua kwa asilimia 39. Ni kweli kwamba hiyo ni taasisi moja, na kwamba utafiti wa kabla na baada hauwezi kuthibitisha kila kitu. Lakini hata msomaji mwenye shaka kubwa atakubali jambo moja: balaa lililotabiriwa halikutokea.

Sababu yake haiko mbali. Katika wodi inayoruhusu sigara, sigara ni fedha. Wagonjwa hukopeshana, hudaiana, hunyang'anyana. Funguo za hazina hiyo anazo mfanyakazi: ndiye anayetunza paketi, anayeshika kiberiti, anayeamua saa ya kutoka uani na nani atangulie. Akichelewa kwa sababu ana mgonjwa mwingine mahututi, manung'uniko huanza. Akimnyima mmoja na kumpa mwingine, ugomvi umeiva. Katika hospitali nyingi, kwa miaka mingi, sigara ilitumika waziwazi kama zawadi ya mwenendo mzuri, na kunyimwa kwake kukawa adhabu. Wafanyakazi walidhani sigara inawasaidia kuituliza wodi, kumbe sehemu ya vurugu walizokuwa wakizizima iliwashwa na sigara hiyohiyo. Sheria inayomhusu kila mtu, saa zote, humwondolea muuguzi uhakimu huo wa kila siku.

Hofu ya pili ni ya kitabibu: sigara humtuliza mgonjwa, na kumwachisha akiwa katika hali mbaya ni kumwongezea mateso. Hapa lazima tujue utulivu huo unatoka wapi. Mwili uliozoea nikotini huanza kuidai saa chache tu baada ya sigara ya mwisho. Mtu hukosa raha, hukereka upesi, hushindwa kutuliza mawazo na usingizi humpaa. Akivuta, dalili hizo hutoweka, naye huona sigara imemponya, ingawa imemwondolea tu adha iliyoletwa na sigara iliyotangulia. Mwaka 2014 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi wa tafiti 26 zilizowafuatilia watu walioacha kuvuta na walioendelea. Walioacha walipungukiwa na sonona, wasiwasi na msongo wa mawazo, na nafuu hiyo ilionekana pia kwa wenye magonjwa ya akili. Mfanyakazi anayemwona mgonjwa akitetemeka bila sigara na kusema ugonjwa umezidi, huenda anatazama uraibu ambao haujatibiwa.

Wazo kwamba mgonjwa wa akili anajitibu kwa sigara lina historia ambayo wahudumu wa afya wanapaswa kuijua. Mapema miaka ya 1990, chombo kinachozipa ithibati hospitali za Marekani kilizitaka ziwe bila moshi. Shinikizo likaja, likiwamo la watetezi wa wagonjwa na familia zao, na wodi za akili zikapewa nafuu. Mwaka 2008 watafiti waliopekua nyaraka za ndani za kampuni za tumbaku walionyesha kwamba kampuni hizo zilifadhili utafiti wa kuipa nguvu dhana ya kujitibu kwa sigara, na kwamba ziliunga mkono juhudi za kuzuia marufuku hospitalini. Wengi walioitetea sigara wodini walisukumwa na upendo. Kampuni zilikuwa na hesabu zao, na mteja mwaminifu asiyeacha kuvuta ni sehemu ya hesabu hizo.

Hoja ya tatu ni ya haki, na haiwezi kujibiwa kwa takwimu peke yake. Mgonjwa wa nje asiyetaka kutii sheria ya hospitali hutoka getini akavuta. Aliyelazwa kwa amri ya sheria hana geti la kutokea. Hospitali ndiyo nyumba yake, pengine kwa miaka, na karibu kila uamuzi wa maisha yake umeshachukuliwa na wengine. Je, na hili tumpokonye? Wagonjwa wa Rampton, hospitali ya ulinzi mkali katika jimbo la Nottinghamshire, walilipeleka swali hilo mahakamani wakidai haki ya faragha na maisha binafsi. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliwakatalia, lakini majaji wawili tu kati ya watatu ndio waliokubaliana. Jaji wa tatu kutofautiana na wenzake kunatuonyesha kwamba swali lilikuwa zito, na kwamba anayelileta si mkaidi.

Hata hivyo, mizani ya haki ina vitu vingine ndani yake. Yumo mgonjwa asiyevuta, aliyefungiwa katika moshi wa wenzake na asiye na geti la kutokea vilevile. Yumo aliyeingia bila kuvuta akatoka mvutaji, kwa kuwa uani kwenye sigara ndiko kulikokuwa na mazungumzo pekee ya siku nzima. Na ipo haki ya kupata tiba sawa na wengine. Ukimwambia mgonjwa wa moyo kwamba ni lazima aache sigara, kisha ukamwambia mgonjwa wa akili kwamba hana starehe nyingine duniani, umewapangia thamani tofauti za maisha. Kama kweli hana starehe nyingine, hilo ni shtaka dhidi ya wodi isiyo na kazi za mikono, michezo wala matembezi. Sigara hailijibu.

Lipo pia jambo la dawa, ambalo peke yake lingetosha kuifanya sigara kuwa suala la kliniki. Moshi wa tumbaku huchochea kimeng'enya cha ini kinachovunjavunja klozapini na olanzapini, dawa mbili muhimu za skizofrenia. Kinachofanya hivyo ni kemikali za moshi, nikotini haihusiki. Kwa hiyo mvutaji mara nyingi huhitaji dozi kubwa zaidi. Akiacha ghafla, kiwango cha dawa mwilini hupanda, na kwa klozapini kinaweza kufika hatari. Anayepinga marufuku ataiona hii kuwa hoja yake. Lakini mgonjwa huyo hubadili uvutaji wake hata bila marufuku: akiishiwa fedha, akiugua kifua, akitoka wodini akarudia paketi zake. Usalama uko katika kuuliza, kuandika kwenye faili na kupima dozi, kazi ambayo haifanyiki mahali sigara inapochukuliwa kuwa mambo binafsi.

Haya yote hayamaanishi kwamba bango la kukataza sigara likishabandikwa mlangoni kazi imekwisha. Uchambuzi uleule wa Lawn na Pols uliona matatizo yakizuka pale uongozi ulipolegea na wafanyakazi walipotofautiana, na uliona pia kuwa wagonjwa wengi walirudia kuvuta baada ya kutoka. Marufuku isiyo na tiba ni ukatili mtupu. Ndiyo maana mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza, wa Novemba 2013, uliunganisha mambo mawili: viwanja vya hospitali visivyo na moshi, na msaada wa kuacha kwa kila mvutaji tangu anapolazwa. Dawa zipo. Utafiti mkubwa uliotoka katika Lancet mwaka 2016, uliohusisha watu zaidi ya 8,000, wakiwemo wenye magonjwa ya akili, haukuona kwamba vareniklini au bupropioni ziliongeza kwa kiasi kikubwa madhara ya kiakili zikilinganishwa na kibandiko cha nikotini au dawa bandia.

Hapo ndipo msimamo wa wafanyakazi unapoamua kila kitu. Muuguzi mmoja akikataza asubuhi na mwenzake akaruhusu jioni, mgonjwa hajifunzi sheria; anajifunza nani wa kumwendea. Na muuguzi anayevuta mwenyewe, sare yake ikinuka moshi, atamwambia nini mgonjwa? Kumkaripia hakutasaidia. Apewe kibandiko na ushauri uleule anaopewa mgonjwa, afundishwe kutofautisha uraibu na ugonjwa, aonyeshwe takwimu za wodi yake mwenyewe kila mwezi, na asiachwe peke yake usiku wa kwanza wa sheria mpya. Pingamizi lake lichukuliwe kama orodha ya mahitaji. Anaposema hawezi, mara nyingi anasema hajawezeshwa.

Afrika Mashariki hatuhitaji kusubiri. Tanzania ina sheria ya kudhibiti tumbaku tangu 2003, Kenya tangu 2007, na Uganda tangu 2015, ambayo inakataza kuvuta hata ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma. Vibandiko na bazoka za nikotini vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Kwa hiyo swali kwa wizara za afya na kwa wakuu wa hospitali za magonjwa ya akili kama Mirembe, Mathari na Butabika ni la utekelezaji: je, vibandiko vimo kwenye stoo ya wodi? Je, faili la mgonjwa lina swali la sigara? Je, wauguzi wa kutosha wamepangwa zamu na kupewa mafunzo? Majibu yakiwa hapana, lawama isielekezwe kwa muuguzi anayesitasita. Ielekezwe kwa anayetia saini bajeti. Majibu yakiwa ndiyo, basi hakuna sababu iliyobaki ya mgonjwa wa akili kupewa ruhusa ya kujiua polepole ambayo mgonjwa wa wodi ya jirani hapewi.